Usiku wangu hauishi, na mchana haunitoshi

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Pasiansi hapa Mwanza, na riziki yangu ni cherehani. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Giza linapoingia, yaani zile siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, huondoka kwenda kambini, katika kisiwa kimoja cha Ukerewe, na hurudi nyumbani mbalamwezi inapokolea, kwa kuwa dagaa hawafuati taa wakati anga lote lina mwanga. Ndivyo tulivyoishi tangu tuoane na sikuwahi kulalamika. Lakini mwaka jana mtumbwi wa kambi ya jirani ulipigwa na dhoruba usiku, na wawili kati ya waliokuwemo hawakurudi. Tangu hapo nimeingiwa na jambo ambalo sijui nilieleze vipi.

Mume wangu akiwa ziwani, usiku hauishi. Watoto wakishalala nami hujilaza, nikaanza kusikiliza upepo kwenye bati. Nitageuka, nitasali, nitawaza mawimbi ya huko, kisha nitashika simu nikiwa na hakika kwamba kunakaribia kucha, nikute ni saa saba kasorobo. Nikiirudisha chini ya mto na kuvumilia muda ninaouona mrefu kabisa, nikiangalia tena hazijapita hata dakika kumi. Kuna usiku niliamka, nikawasha jiko la mkaa pale pale ndani, nikabandika uji wa watoto, na nikawa nashangaa mbona sijasikia adhana. Binti yangu mkubwa akatoka chumbani akiwa anafikicha macho, akaniuliza: “Mama, mbona unapika usiku?” Ilikuwa saa nane.

Mchana mambo hugeuka. Nakaa kwenye cherehani asubuhi, natandika kitambaa, naweka chaki, na mawazo yanakwenda kambini. Ninaposhtuka, watoto wanaingia kutoka shule na mkono mmoja wa gauni bado haujaungwa, nami ningeapa kwamba nimekaa pale kwa muda mfupi tu. Mwezi uliopita mama mmoja alinipa kitambaa cha gauni la sendofu ya binti yake. Nilijiona nina siku tele. Alipokuja kulichukua nilikuwa sijatia hata zipu. Alikusanya vipande vyake akampelekea fundi mwingine, na maneno aliyoyaacha pale mlangoni siwezi kuyaandika hapa.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba hata mume wangu anapokuwa nyumbani sipumziki. Yeye amelala ubavuni mwangu anakoroma, mimi nahesabu siku zilizobaki kabla ya giza jingine, na siku hizo zinakwisha kabla sijamwona vizuri.

Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu. Mwenzangu wa kwaya anasema imani yangu imepungua. Fundi mwenzangu ameniambia nipite duka la dawa ninunue vidonge vya usingizi, yeye huvitumia na vinamfaa. Nakuomba unijibu: je, akili yangu inaharibika? Mbona muda ule ule unanikalia usiku na kunikimbia mchana? Na je, nimwambie mume wangu aachane na ziwa?

Fundi wa Pasiansi, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la kwanza, maana nadhani ndilo linalokuumiza zaidi: sioni katika barua yako dalili ya akili inayoharibika. Unajua kwamba hesabu yako ya muda imeachana na saa, unashangaa, unalinganisha, na umeweza kunieleza mambo hayo kwa mpangilio ambao wengi wanaoniandikia wakiwa wazima kabisa hawaufikii. Ninachokiona ni wasiwasi uliokaa kwa muda mrefu, mpaka ukaingia katika namna unavyoupima muda. Jambo hili ni la kawaida kuliko unavyodhani, na limechunguzwa na wataalamu wa saikolojia kwa miaka mingi.

Mwanadamu ana jicho la kuona na sikio la kusikia, lakini hana kiungo cha kuhisi muda. Ubongo hukadiria tu, na katika kukadiria hutegemea sana mambo mawili: umakini tulioupa muda wenyewe ulipokuwa unapita, na wingi wa kumbukumbu tulizobaki nazo baada ya kupita. Hofu na wasiwasi hugusa yote mawili, na ndiyo maana mtu mmoja anaweza kupatwa na mambo mawili yanayoonekana kupingana ndani ya siku moja, kama ulivyopatwa wewe.

Tuanze na usiku. Mtu anayengoja hana kazi nyingine ila kuuangalia muda, na muda unaoangaliwa hurefuka. Hofu huongezea hapo. Mwaka 1984 watafiti Watts na Sharrock waliwapima watu wenye hofu kali ya buibui, wakaona kwamba watu hao walikadiria muda waliokaa mbele ya buibui kuwa mrefu kuliko ulivyokuwa. Mwili unaposhtuka, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, na makadirio ya ndani yanakwenda mbio pia, kwa hiyo saa ya ukutani inaonekana inajikokota. Hata homa ina tabia hiyo. Mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, Hudson Hoagland, aliandika mwaka 1933 kwamba mke wake, akiwa na homa kali, alimlalamikia kuwa ametoka kwa muda mrefu wakati yeye alikuwa amekwenda dukani mara moja tu. Bwana yule, badala ya kubishana, alimwomba ahesabu sekunde sitini kwa kukisia, na akaona kwamba kadiri homa ilivyokuwa kali ndivyo mama yule alivyozimaliza sitini zake mapema. Sijui ni wanawake wangapi wangekubali kufanyiwa majaribio wakiwa kitandani na homa, lakini wa kwake alikubali, na sayansi ikafaidika.

Kuna upande wa kumbukumbu vilevile. Mwaka 2007 David Eagleman na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la watu waliokubali kuachiwa kutoka juu ya mnara, wakianguka mita 31 hadi kwenye wavu. Walipoulizwa baadaye, waliona anguko lao wenyewe lilichukua muda mrefu kwa asilimia 36 kuliko anguko la wenzao walilolitazama. Lakini kifaa walichofungwa mkononi, ambacho kilikuwa kikionyesha tarakimu kwa kasi iliyopita uwezo wa jicho, hakikusomeka vizuri zaidi walipokuwa hewani. Maana yake ni kwamba muda haukuwapungukia kasi hata kidogo pale pale. Ni kumbukumbu iliyoandikwa kwa wingi wakati wa hofu ndiyo iliyoufanya uonekane mrefu baadaye. Nawe, ukiwa kitandani, unaandika kila kitu: mbwa amebweka, bati limelia, pikipiki imepita, upepo umegeuka. Asubuhi unapolitazama daftari hilo la kichwani unaona usiku wa siku mbili. Tena inawezekana sana kwamba unalala vipande vipande pasipo kujua, kwa kuwa watu wanaokosa usingizi mara nyingi huhesabu saa chache kuliko zile walizolala kweli.

Sasa mchana. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba wasiwasi hurefusha muda siku zote. Mwaka 2020 watafiti wa London pamoja na wenzao wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu walikuwa wakikadiria muda huku wakijua kwamba wakati wowote, pasipo onyo, wanaweza kupigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Katika hali hiyo ya kungoja baya lisilo na saa yake, waliukadiria muda kuwa mfupi kuliko walivyoukadiria wakiwa salama. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba wasiwasi unakula sehemu ya akili ambayo ingeufuatilia muda. Wewe ni fundi, utanielewa haraka: umakini ni kitambaa cha mita zile zile kila siku, na ukikata humo vazi la wasiwasi, kinachobaki hakitoshi kushona gauni la mteja pamoja na kuhesabu saa. Mikono yako ilikuwa kwenye chaki, lakini saa za asubuhi ile zilipita pasipo mtu wa kuziangalia.

Wataalamu hawajamaliza ubishi wao katika jambo hili, na majaribio ya maabara hayafanani na maisha ya nyumba yenye watoto watatu. Hata hivyo, mimi naona barua yako inaeleza vizuri tofauti wanayoizungumzia. Usiku unaukodolea muda macho. Mchana muda uko nyuma yako na wasiwasi uko mbele. Ugonjwa ni mmoja, na tiba yake haitakuwa mbili.

Wala sitaki udhani nakuambia kwamba hofu yako haina msingi. Mji wetu una watu wengi wanaokumbuka walikuwa wapi tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, na wengi zaidi wanaokumbuka tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara. Ziwa lina dhoruba za ghafla, na mume wako anafanya kazi yake usiku. Lakini umeandika mwenyewe sentensi iliyonifanya nisite: kwamba hata anapokoroma ubavuni mwako unaendelea kuhesabu. Hofu ya hatari iliyopo hutulia hatari inapoondoka. Inayobaki baada ya hapo ndiyo inayohitaji kutibiwa, na haitatibiwa na hali ya hewa.

Kwanza, simu. Itoe chini ya mto, iweke upande wa pili wa chumba, kioo kikitazama chini, ikiwa na kengele ya saa kumi na moja alfajiri na mlio wa kupokea simu ukiwa umewashwa. Ukipigiwa utasikia, usichotakiwa kufanya ni kuitazama saa, kwa kuwa kila unapoitazama unaanza hesabu upya. Ukiona usingizi haupatikani, usibaki kitandani ukipambana. Inuka, keti mahali pengine, fanya kazi isiyohitaji akili, kama kukata nyuzi zilizoning’inia au kupanga vifungo kwa rangi, na urudi kulala macho yanapokuwa mazito. Na nakusihi, lile jiko la mkaa usiliwashe tena ndani ya nyumba iliyofungwa wakati watoto wamelala. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua familia nzima pasipo mtu kushtuka. Katika yote uliyoniandikia, hilo ndilo lililoniogopesha mimi.

Pili, wasiwasi upangiwe saa yake. Njia hii ilijaribiwa na mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake, ambao mwaka 1983 waliwaelekeza watu wenye wasiwasi sugu watenge nusu saa kila siku, wakati ule ule na mahali pale pale, ya kuwaza yanayowasumbua, na kila wazo likija nje ya muda huo waliahirishe hadi hapo. Chagua saa kumi na moja jioni, kwa mfano, kwenye benchi la nje, pasiwe kitandani wala mbele ya cherehani. Uwe na daftari. Andika unachokiogopa kwa maneno kamili, na mbele yake uandike kama kuna la kufanya kesho au hakuna. Upepo unapokuja kukuamsha usiku, utauambia kwamba zamu yake ni jioni. Najua inasikika kama mchezo wa watoto, na kwa siku za mwanzo utaona haifanyi kazi. Endelea nayo hadi mzunguko mzima wa giza na mbalamwezi upite.

Tatu, kwa kuwa saa ya ndani haiaminiki kwa sasa, kazi ya kupima muda ikabidhi saa ya nje. Tundika saa ya ukutani mbele ya macho yako unapokuwa umekaa kwenye cherehani. Kabla ya kila hatua, iwe kukata, kuunga mabega au kutia zipu, andika kwa chaki muda unaodhani itachukua, na ukimaliza andika uliotumika kweli. Usijilaumu kwa tofauti utakayoiona. Ipime tu, kama unavyopima kiuno cha mteja bila kumhukumu. Baada ya magauni machache utajua unajipunja kwa kiasi gani, na hapo ndipo utoe ahadi, kwa kufuata chaki badala ya kufuata unavyojisikia. Yule mama wa sendofu alikasirika, naye alikuwa na sababu. Mtumie ujumbe wa kuomba radhi ulio mfupi, usiotaja ziwa wala wasiwasi.

Kuhusu mama mkwe, usimvunjie heshima. Huenda naye analala macho kwa ajili ya mtoto wake na hana pengine pa kulitua lake. Kuhusu mwenzako wa kwaya, sali kama ulivyokuwa ukisali, ila usikubali kuambiwa kwamba moyo kwenda mbio ni upungufu wa imani. Kuhusu vidonge, usivinunue. Vingi vya usingizi vinavyouzwa kiholela humfanya mtu ashindwe kulala bila hivyo baada ya muda si mrefu, na mama aliye peke yake na watoto watatu usiku anahitaji kuweza kuamka.

Hali hii imekukaa kwa miezi mingi, kwa hiyo usingoje zaidi; nenda hospitali. Sekou Toure iko karibu nawe, na Bugando wana kliniki ya afya ya akili. Mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, ukianza na ile dhoruba ya mwaka jana. Mwombe akupime damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu hufanya moyo uende mbio, na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo wa mbio, kukosa usingizi na wasiwasi kwa pamoja. Akikushauri uzungumze na mtaalamu kwa vikao kadhaa, kubali. Asikutishe mtu kwa neno wodi. Wengi wanaokwenda kliniki ile hurudi nyumbani siku ile ile na kuendelea na shughuli zao.

Limebaki swali la kumwambia aachane na ziwa. Ushauri wangu ni kwamba usimwambie sasa, na hasa usimwambie usiku wa kuamkia safari. Ukimwomba aache ili wewe upate usingizi, naye akaacha, kisha usingizi usije, mtakuwa mmepoteza kipato na wasiwasi mkabaki nao. Kesho wasiwasi huo utahamia kwenye bodaboda atakayoiendesha. Tiba itangulie. Ukishatulia na bado ukaona kazi ile haifai, hapo litakuwa suala la hesabu ya nyumba na la umri wake, na mtalizungumza mchana, mbalamwezi ikiwa kubwa, naye akiwa hana haraka.

Yapo hata hivyo ya kumwambia tangu leo. Mkubaliane kwamba akishafika nchi kavu asubuhi na kumaliza kuanika, atatuma ujumbe wa neno moja, na mkubaliane pia saa ambayo, ikipita bila ujumbe, wewe utampigia tajiri wa mtumbwi. Kabla ya saa hiyo hupigi simu kwa mtu yeyote, kwa kuwa mtandao wa visiwani unakatika kila mara na kimya chake hakina habari ndani yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria; ausikilize yeye kabla ya kuingia majini, na wewe usiusikilize zaidi ya mara moja kwa siku. Kisha umwulize kwa utulivu kama kila aliyemo mtumbwini huvaa jaketi okozi lake wanapokwenda kuwasha taa, au kama yamefungiwa kambini kwa tajiri ili yasichakae. Likiwa ni hilo la pili, gomba, mwanangu, tena gomba mchana kweupe, mbele ya tajiri mwenyewe.